Kutoka Meza ya Uhariri hadi Riwaya ya Upelelezi: Mwongozo kwa Mhariri wa Nairobi

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina uhusiano wa karibu na meza za uhariri za Nairobi kuliko wengi wanavyokumbuka. East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948 na kuweka makao yake makuu humu jijini, ndilo lililoendesha shindano ambalo Mzanzibari Muhammed Said Abdulla alilishinda mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndilo lililoichapisha hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Humo ndimo wasomaji walimokutana na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake na subira yake. Miaka mitano baadaye shirika hilohilo lilitoa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla. Kwa hivyo mhariri wa vitabu anayetaka leo kuvuka upande wa pili wa meza na kuandika riwaya ya aina hii haingii katika shamba la wenyewe.

Nauandika mwongozo huu kwa mhariri aliyekwisha kukaa na miswada kwa muda, iwe ni vitabu vya shule, tamthilia au hadithi za watoto, na ambaye anahisi kwamba anaweza kuandika kisa chake cha mauaji na upelelezi. Nina rai moja ninayoishikilia kwa dhati: kazi ya mhariri ya kusaka kasoro ndiyo kazi ya mpelelezi, lakini ili uandike, huna budi kuigeuza kazi hiyo ielekee kinyume. Umelipwa kwa miaka mingi kuziba mapengo katika maandishi ya wengine. Sasa utalichimba pengo kwa makusudi, ulifunike vizuri, na ulilinde lisigunduliwe kabla ya wakati wake.

Geuza maswali ya pambizoni yawe injini ya hadithi

Tazama mswada wowote uliowahi kuuhariri. Pambizoni umeandika: "Nani alimwambia?" "Hii ni siku gani?" "Aliingiaje ilhali mlango ulikuwa umefungwa?" Katika kitabu cha kawaida maswali hayo ni ishara kwamba mwandishi amemwacha msomaji gizani, na wewe huyauliza ili yajibiwe mapema. Katika riwaya ya upelelezi maswali hayohayo ndiyo yanayomfanya msomaji akeshe. Tofauti pekee ni kwamba mwandishi anajua tangu awali ni ukurasa gani utakaolijibu kila swali.

Basi fungua daftari la maswali kabla ya kuandika sura ya kwanza. Kila swali unalotaka msomaji alibebe liandike, uandike na sura litakapozaliwa na sura litakapojibiwa. Hakikisha hakuna swali linalofungwa kabla jingine halijafunguka, isipokuwa katika sura za mwisho kabisa. Mswada wa upelelezi unaochosha katikati, na kila mhariri amewahi kuupokea, mara nyingi huwa umejibu maswali yake yote makubwa kufikia sura ya saba, na baada ya hapo hubaki kukimbizana tu.

Kukimbizana si kosa lenyewe. Waandishi Elvis Musiba, na shujaa wake Willy Gamba, na Ben Mtobwa, na shujaa wake Joram Kiango, walijipatia wasomaji wengi Afrika Mashariki kwa visa vya vitendo, hatari na mbio. Amua mapema kama unaandika kisa cha vitendo au kisa cha fumbo. Ushauri wangu kwa mhariri ni aanze na fumbo, kwa sababu hapo ndipo mazoea yake ya kazi yatamfaa zaidi.

Tunga uhalifu kwanza, kisha usimulie

Waandishi wengi wapya huanza na maiti, wakatumaini kwamba muuaji atajitokeza njiani. Mhariri anajua jinsi miswada ya namna hiyo inavyoishia: sura ya mwisho inajaa maelezo ya kuokoa yaliyokwisha kuharibika. Andika kwanza historia nzima ya uhalifu, kwa mfuatano wa wakati, kama ulivyotokea kweli na si kama utakavyosimuliwa. Riwaya ya fumbo ina hadithi mbili: ya uhalifu, ambayo imekwisha kutendeka, na ya uchunguzi, ambayo msomaji anaifuata. Ya kwanza isipokuwa imara, ya pili haitasimama.

Nitatoa mfano niliojitungia. Mfanyabiashara wa vipuri vya magari, ambaye ofisi yake iko ghorofa ya tatu katika jengo moja la Barabara ya Kirinyaga, anakutwa amekufa Ijumaa asubuhi. Muuaji ni shemeji yake, anayemwekea hesabu, na ambaye amekuwa akighushi ankara. Siku ya Alhamisi shemeji anaingia saa kumi na moja na dakika hamsini jioni, anaandika jina na namba ya kitambulisho katika daftari la wageni lililoko mlangoni, kama inavyotakiwa karibu katika kila jengo la jiji hili. Daftari linaonyesha kwamba alitoka saa kumi na mbili na dakika ishirini. Mauaji yalitokea kiasi cha saa moja usiku. Saa moja na dakika tano, ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kwamba simu ya shemeji ilimtumia mkwewe pesa, na mtaani kwao Umoja wapo watu walioiona simu hiyo ikitumika.

Ujumbe wa M-Pesa ni rahisi kuuelewa: mkewe alikuwa na simu na namba ya siri. Ni dokezo dogo, na msomaji wa Kenya atalishuku upesi kwa sababu amekwisha kumtuma mtu na simu yake mara nyingi. Liache alishuku. Litamshughulisha asilitazame daftari.

Jibu limo katika daftari la wageni. Walinzi wa majengo mengi hubadilishana zamu saa kumi na mbili jioni. Muda wa kutoka wa shemeji, saa kumi na mbili na dakika ishirini, umeandikwa kwa mwandiko wa mlinzi wa mchana, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuondoka. Mlinzi huyo hakula njama na mtu yeyote. Alikuwa na mazoea ya kujaza kwa kukisia, kabla ya kuondoka, safu ya muda wa kutoka kwa wageni wote waliobaki, ili amkabidhi mwenzake daftari lisilo na nafasi wazi. Kwa hivyo daftari halithibitishi kwamba shemeji alitoka, na ushahidi wote wa kumtetea unaporomoka.

Jiulize ni nani angeliona jambo hilo upesi zaidi kuliko mtu aliyezoea kutambua kwamba aya moja katika mswada imeandikwa na mkono mwingine. Hapo ndipo penye utajiri wako. Tafuta madokezo ya namna hiyo katika vitu ambavyo Nairobi inaviandika kila siku bila kuvifikiria: risiti ya tokeni za stima yenye saa na dakika, orodha ya michango katika kundi la WhatsApp la mazishi, kitabu cha kukabidhiana funguo katika ploti ya kupanga, daftari la mkopo la duka la mtaani. Kila kimoja kina mwandiko, mfuatano na mazoea ya aliyekiandika.

Ukishapata dokezo, likate vipande viwili na uviweke mbali. Kuwa walinzi hubadilishana saa kumi na mbili kutajwe katika sura ya pili, ndani ya sentensi inayoshughulika na jambo jingine, kwa mfano mlinzi wa usiku akilalamika kwamba matatu zimemchelewesha na mwenzake amemnunia. Mwandiko uonekane katika sura ya tisa. Usiwahi kuyaweka mambo hayo mawili katika ukurasa mmoja hadi mpelelezi atakapoyaunganisha. Ikiwa unaorodhesha vitu vilivyokutwa mezani, kile muhimu kiweke katikati, kwa maana msomaji hukikumbuka cha kwanza na cha mwisho.

Msomaji pia atendewe haki. Ronald Knox, padri wa Uingereza aliyekuwa akiandika visa vya aina hii, alitoa kanuni kumi mwaka 1929, na mojawapo ilisema kwamba mpelelezi asipate dokezo lolote ambalo msomaji haonyeshwi papo hapo. Baadhi ya kanuni zake zimepitwa na wakati, lakini hiyo bado ni halali. Msomaji anayefika mwisho akagundua kwamba aliyehitajika kumjua hakuwahi kutajwa ana haki ya kujiona amedanganywa, na hatakinunua kitabu chako cha pili.

Karatasi ya maamuzi ya mtindo, iliyopanuliwa

Ile karatasi unayoitumia kuandika tahajia za majina, matumizi ya herufi kubwa na umri wa wahusika itakuwa chombo chako kikuu. Ipanue iwe jedwali lenye safu ya saa na safu ya kila mhusika, pamoja na safu mbili zaidi: mhusika huyo anajua nini kufikia saa hiyo, na anadai alikuwa wapi. Tofauti kati ya alipokuwa na alipodai kuwa ndiyo riwaya yako.

Saa ziandikwe kwa mfumo mmoja katika jedwali hata kama kitabu kitatumia miwili, kwani daftari la mlinzi litasema 19:40 ilhali shahidi atasema saa mbili kasoro dakika ishirini. Kumbuka pia kwamba Nairobi iko karibu na ikweta na jua hutua kiasi cha saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kukiwa na tofauti ya kama robo saa tu kabla au baada. Shahidi anayedai aliiona rangi ya koti saa moja na robo jioni, katika kichochoro kisicho na taa, amekosea au anasema uongo, na jedwali litakuonyesha.

Jifunze jinsi kesi inavyokwenda hapa kwetu

Kosa ninaloliona mara kwa mara katika miswada ya upelelezi ya Kenya ni kwamba mauaji yanatokea Nairobi lakini kesi inasikilizwa katika nchi ya filamu. Baraza la raia (jury) linatoa uamuzi, jaji anapiga rungu mezani, mtuhumiwa anasomewa haki zake kwa maneno ya Kimarekani. Hatuna baraza la raia katika kesi zetu za jinai. Kesi ya mauaji husikilizwa katika Mahakama Kuu na jaji, ambaye huandika hukumu yenye sababu zake, na hata wazee wa baraza waliokuwa wakimshauri jaji hapo zamani waliondolewa na sheria.

Haya ndiyo mambo ambayo ningependa kila mwandishi ayajue kabla ya kuanza. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo na si zaidi ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama, ambapo hufikishwa siku ya mahakama inayofuata. Polisi wasipokuwa tayari, huomba mahakama iwaruhusu kumzuilia kwa siku zaidi wakiendelea na uchunguzi. Mwandishi mwenye akili ataiona mara moja taharuki iliyomo: mpelelezi ana siku chache zinazohesabika, na wakili wa mshukiwa anazipinga. Anayeamua kama mtu ashtakiwe ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, wala si polisi, kwa hivyo mpelelezi wako anaweza kuwa na uhakika moyoni na faili yake ikarudishwa kwa sababu ushahidi hautoshi. Na kabla ya mshtakiwa wa mauaji kujibu mashtaka, kwa kawaida hupelekwa kupimwa akili, mara nyingi katika Hospitali ya Mathari.

Jambo linalobadilisha msuko zaidi ni suala la kukiri. Visa vingi vya kigeni humalizikia sebuleni: mpelelezi amewakusanya washukiwa, anaeleza, muuaji analia na kukiri. Chini ya Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kukiri huko hakuwezi kutumiwa dhidi yake. Ili kukubalike, kukiri kunapaswa kufanyika mahakamani mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya ofisa wa polisi wa cheo kilichotajwa na sheria asiyekuwa mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Basi fumbo lako lisitegemee machozi ya muuaji. Daftari, mwandiko na ankara ziweze kusimama bila yeye. Na kama ushahidi ni picha ya kamera ya usalama au ujumbe wa simu, sheria hiyohiyo inataka hati ya kuthibitisha jinsi rekodi hiyo ya kielektroniki ilivyotolewa. Ofisa aliyeisahau hati hiyo anaweza kuwa sura nzima.

Kuhusu adhabu, Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2017 kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba, na Kenya haijamnyonga mfungwa tangu 1987. Usimalizie kwa kitanzi.

Mambo haya hayajifichi. Kesi husikilizwa hadharani, isipokuwa mahakama ikiamua vinginevyo, na unaweza kuingia katika Mahakama za Milimani ukakaa nyuma kimya, simu ikiwa imezimwa, ukasikiliza siku nzima. Hukumu nazo huchapishwa bure na Kenya Law, na ningesema kwamba hakuna darasa bora zaidi la uandishi wa upelelezi katika nchi hii. Jaji hueleza shahidi mmoja baada ya mwingine alisema nini, alipoulizwa na wakili alijibu nini, na kwa nini ameaminiwa au hakuaminiwa. Utaona kwamba mara nyingi miongoni mwa mashahidi yupo ndugu wa marehemu aliyekwenda mochari kuutambua mwili mbele ya daktari kabla ya upasuaji. Ushahidi wake huchukua mistari miwili katika hukumu. Katika riwaya, mistari hiyo miwili ni mama aliyesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Busia, akaambiwa aketi kwenye benchi asubiri, na hapo ndipo kitabu chako kinapoacha kuwa mchezo wa kubahatisha muuaji.

Kuhusu maiti, uwe mnyenyekevu. Mwili huanza kukakamaa baada ya saa chache, kwa kawaida hukakamaa wote baada ya muda wa saa 12 hivi tangu kifo, kisha hulegea tena katika siku ya pili, lakini joto la mahali, umbile la mtu na nguo hubadilisha yote. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Julai ni wa baridi. Ofisi iliyofungwa Barabara ya Kirinyaga si sawa na banda la mabati Mukuru mchana wa Februari. Daktari mwaminifu hutaja kipindi, hataji dakika. Mpe daktari wako uaminifu huo, kwa maana kipindi kipana huwaacha washukiwa wengi ndani ya hadithi. Sumu nayo haijulikani kwa kunusa kikombe: sampuli hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali, na majibu husubiriwa.

Waache watu waseme kwao

Lugha ndipo mhariri wa Kiswahili anapopata shida kubwa. Tumezoea kusanifisha. Mlinzi wa mfano wetu akihojiwa atasema, "Alikam na nduthi, akaniachia ID, akapanda juu mbio." Mkono wa uhariri utataka kuandika, "Aliwasili kwa pikipiki, akaniachia kitambulisho chake, kisha akapanda ngazi kwa haraka." Sentensi ya pili haina kosa, lakini imemfuta mlinzi. Hatumjui tena umri wake, mtaa wake, wala kama anamwogopa ofisa anayemhoji.

Usimulizi uwe wa Kiswahili sanifu, safi na wa utulivu. Mazungumzo yawe ya wenyewe. Kijana wa Kayole aseme karao, mzee wa Kisauni aliyehamia Eastleigh aseme polisi na kuapa kwa Mungu katika kila sentensi, wakili aseme kama anayeandika barua. Usitie Sheng kila mstari, maana huchakaa haraka na msomaji wa Tanga au Bukoba atakuacha njiani. Neno moja au mawili katika kauli, yanayoeleweka kwa muktadha, yanatosha. Tofauti za usemi zinaweza pia kubeba fumbo: ujumbe wa simu unaodaiwa kuandikwa na marehemu, mtu wa Lamu, ukiwa na miundo ambayo mtu wa Lamu hangeitumia, ni dokezo ambalo wewe, kwa mafunzo yako, unaweza kulitunga vizuri kuliko mwandishi mwingine yeyote.

Wakati wa kuandika, mhariri atoke chumbani

Rasimu ya kwanza usiisahihishe. Najua ushauri huu umesemwa na wengi, lakini kwa mhariri una uzito wa pekee, kwa kuwa yeye ana uwezo wa kuing'arisha aya moja kwa wiki tatu na kuamini kwamba anafanya kazi. Andika asubuhi kabla ya kwenda ofisini, wakati macho hayajasoma mswada wa mtu mwingine. Ukikumbuka jambo linalohitaji kurekebishwa nyuma, liandike katika karatasi ya pembeni na uendelee mbele. Wahariri wengine huandika kwa mkono ili wasiweze kurudi nyuma kwa urahisi, na nimeona njia hiyo ikifaa.

Lenga maneno elfu 45 hadi 60. Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja, kwa hivyo kitabu cha urefu huo kina nafasi ya kutosha kwa washukiwa watano na uchunguzi kamili.

Rasimu ikiisha, iweke kabatini kwa muda, kisha mrudishe mhariri kwa nguvu zake zote. Isome mara ya kwanza ukiwa msomaji asiyejua chochote, ukiandika katika kila sura unamshuku nani. Isome mara ya pili ukiwa muuaji: katika kila tukio, hata asipokuwepo, jiulize yuko wapi, anafanya nini na anaogopa nini. Usomaji huu wa pili ndio ambao miswada mingi huukosa, na matokeo yake ni muuaji anayekaa kimya sura kumi akisubiri kukamatwa. Shemeji wa mfano wetu angekuwa mweka hazina wa kamati ya mazishi, akisoma majina ya waliochanga kila jioni, na angekuwa anajaribu kumpata yule mlinzi wa mchana kabla ya polisi. Baada ya hapo mpe mswada mtu mwingine auhariri. Macho yako yanajua muuaji ni nani, na hayawezi kusahau.

Heshima kwa miswada ya wengine, na kwa walioumia

Mhariri huandika akiwa amesoma kazi nyingi ambazo hazikuwahi kuchapishwa, na hili linadai uadilifu wa hali ya juu. Sheria ya hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoandikwa, hailindi wazo tupu, lakini mwandishi aliyekuletea mswada alikuamini. Dokezo ulilolikumbuka kutoka mswada uliokataliwa usilitumie, hata kama mwenyewe hatajua. Ukiwa na shaka iwapo wazo ni lako, litupe na utunge jingine.

Soma pia mkataba wako wa ajira. Kwa sheria ya Kenya, kazi iliyofanywa katika utekelezaji wa ajira huweza kuwa mali ya mwajiri, iwapo hakuna makubaliano tofauti. Andika riwaya yako nje ya saa za kazi, katika kompyuta yako, na umjulishe mwajiri kwa maandishi. Ikiwa utaipeleka katika kampuni unayoifanyia kazi, omba isomwe na mhariri asiye chini yako wala juu yako, bila jina lako.

Na usichukue kesi halisi ya Nairobi ukabadilisha majina tu. Familia za marehemu wapo, wanapanda matatu zilezile unazopanda wewe. Chukua jinsi jambo lilivyotendeka, jinsi daftari lilivyojazwa, jinsi shahidi alivyoyumba, kisha tunga watu wako, mtaa wako na sababu zako.

Kupeleka mswada

Unajua tayari kinachotokea mswada unapofika: anayeupokea ana meza iliyojaa vitabu vya kiada, maana hivyo ndivyo vinavyoendesha uchapishaji wetu. Kwa hivyo barua yako iwe ya ukurasa mmoja, na muhtasari umtaje muuaji waziwazi pamoja na jinsi anavyogunduliwa. Waandishi wengi huficha mwisho wakidhani wanamvutia mhariri, lakini yeye anahitaji kujua kama fumbo linafunguka. Tazama masharti ya Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2014 kama Tuzo ya Mabati-Cornell na hupokea miswada ya riwaya ambayo haijachapishwa. Nenda pia katika Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, ambayo kwa kawaida hufanyika Septemba katika jumba la Sarit, uone ni nani anayeweka hadithi za watu wazima mbele ya meza yake.

Ukiamua kuchapisha mwenyewe, namba ya ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, na hakimiliki inaweza kusajiliwa kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ingawa haki yako huanza mara tu unapoandika. Ukipata mchapishaji, soma vifungu vya mrabaha, haki za kitabu cha sauti na za filamu, na muda ambao baada yake haki zinakurudia kitabu kisipochapishwa tena. Mrabaha wa mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na cheti chake kihifadhi kwa ajili ya hesabu za kodi za mwaka. Usiache kazi ya uhariri kabla ya malipo ya kitabu cha pili kuonekana. Punguza saa, chukua miswada michache ya kujitegemea, na uzilinde asubuhi zako.

Mswada ukiwa unasubiri majibu, ambayo yanaweza kuchukua miezi, fungua jedwali jipya. Mpelelezi wako ana umri, deni, goti linalomuuma, na dada ambaye hawazungumzi. Yanakili yote kutoka karatasi ya kitabu cha kwanza, uandike tarehe ya kesi ya pili, na uanze na saa ambayo uhalifu ulitendeka.